Vumbi la maji

Mwezi wa nane Dodoma, mvua ni habari ya watu wengine. Ya mwisho ilishasahaulika tangu Aprili, ya kwanza hakuna anayeitazamia kabla ya Novemba kwisha, na hapo katikati ni upepo tu, ule unaoleta vumbi mpaka ndani ya sufuria ya mchuzi. Kwa hiyo Jumapili ya tarehe 29 Agosti 2021, nilipokaa sebuleni kwetu Nkuhungu nikaona mvua inavyowanyeshea Wabelgiji kwenye runinga, kitu cha kwanza nilichohisi ni wivu. Maji yote yale, na wenyewe wamekunja sura!

Yalikuwa mashindano ya magari ya Formula 1, raundi ya Ubelgiji, kwenye barabara ya Spa-Francorchamps. Mimi ni dereva, na wakati ule nilikuwa na kirikuu cha kubebea mizigo. Watu hucheka wakisikia dereva wa kirikuu anafuatilia magari yanayokwenda kilomita 300 kwa saa, lakini mcheza ndondo naye si anaangalia Ulaya? Nilikuwa upande wa Hamilton. Mwaka ule alikuwa anakabana koo na Verstappen kugombea ubingwa, na sikutaka kukosa hata mzunguko mmoja.

Baba alikuwa amekaa pembeni yangu na sahani ya karanga. Mzee ameendesha malori maisha yake yote, Dodoma na Iringa, kabla ya lami, na hana habari na Formula 1. Yeye hukaa tu kwa sababu mimi nimekaa.

Mbio zilipangwa kuanza saa 9 kwao, kwetu saa 10 jioni. Kabla hazijaanza, wakati magari yanakwenda kujipanga, Pérez, dereva wa timu ya Red Bull, akateleza akagonga ukuta. Hata kushindana bado! Muda wa kuanza ukasogezwa mbele, ukasogezwa tena, mpaka saa 10:25 yakaondoka nyuma ya gari la usalama, lile linalowatangulia polepole hali ikiwa mbaya. Yakazunguka kidogo, bendera nyekundu ya kusimamisha mbio ikapandishwa, wote wakarudi piti, kwenye karakana zao. Madereva wakashuka. Mafundi wakafunika magari. Kamera zikaanza kutuonyesha mashabiki kwenye vilima, maelfu ya watu, wengine wamevaa mifuko ya plastiki, wamesimama kwenye matope.

“Wanaogopa kuteleza?” baba akauliza.

Nikaanza kumweleza kama mtaalamu. Nikamwambia kampuni ya Pirelli inayotengeneza matairi yao inasema tairi moja la mvua kubwa, gari likiwa kwenye kilomita 300 kwa saa, linafukuza lita 85 za maji kwa sekunde. Nikaona namba imempita, nikaibadilisha: madumu manne ya lita ishirini na kidogo juu yake, kila sekunde, kwa tairi moja. Hapo akaacha kutafuna. Sisi tunaonunua maji kwa dumu tunajua madumu manne yana uzito gani.

“Na yanakwenda wapi hayo maji?”

Kabla sijajibu, runinga ikarudia picha za ile mizunguko ya kwanza, iliyopigwa kutoka kwenye gari mojawapo. Hakukuwa na kitu. Kioo kizima kilikuwa cheupe, na mahali fulani ndani ya weupe huo taa moja nyekundu inapepesa, basi. Barabara ya Spa ina kilomita 7 na ushee na sehemu kubwa inapita msituni, miti imebana kushoto na kulia, kwa hiyo maji yakirushwa juu hayana pa kwenda, yananing'inia hapo hapo.

Baba akaegemea mbele.

“Aa. Hiyo si mvua,” akasema. “Hilo ni vumbi. Vumbi la maji.”

Nimewasikia wachambuzi wengi, na hakuna aliyenieleza jambo lile kwa maneno machache kiasi hicho. Akaendelea mwenyewe, bila kuulizwa. Kati ya Mlowa na Fufu, enzi hizo, ukiwa nyuma ya lori jingine wakati wa kiangazi ulikuwa huoni hata pua ya gari lako. Wa mbele anaona vizuri, anakwenda zake. Wa nyuma anakula vumbi na kubahatisha. Wajinga walikuwa wanataka kulipita hilo vumbi, na huko ndani ya vumbi ndiko walikokutana uso kwa uso na basi linalotoka Iringa. Wenye akili waliegesha chini ya mbuyu, wakamwambia utingo achemshe chai, vumbi likatua, ndipo wakaondoka.

“Hawa wamefanya vizuri kuegesha,” akasema. “Ila mbona hawachemshi chai?”

Nilicheka, lakini lilikuwa swali zuri kuliko nilivyojua. Ujumbe ulikuwa unakuja na kuondoka: tunaangalia hali, tutawajulisha. Gari la usalama linatoka kwenda kupima maji, linarudi, tutawajulisha. Anayeegesha chini ya mbuyu anajua ameegesha. Hawa walikuwa wameegesha huku injini inanguruma.

Sasa nieleze na yaliyokuwa yakiendelea upande wangu, maana hapa ndipo aibu ilipo.

Nilikuwa na kazi siku ile. Mama mmoja wa Mpunguzi, mkulima wa zabibu, alinikodi nikamchukulie makreti yake nimletee mjini, alale nayo kwa ndugu yake ili Jumatatu alfajiri ayafikishe soko la Majengo. Tulikubaliana saa 11 jioni. Mimi nikapiga hesabu zangu: mbio huwa hazizidi saa mbili, nitamwomba asogeze kidogo, kwani zabibu zina miguu?

Saa 11 kasoro simu ikaita.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Tumeshatoa mzigo, tuko barabarani.”

“Niko njiani, mama.”

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Miguu ilikuwa juu ya stuli.

Kila mtu wa nchi hii ameshasema “niko njiani” akiwa bado anatafuta soksi, na wala hatuhesabu kuwa ni uongo. Ni kama salamu. Unamwambia mtu niko njiani maana yake nimekukumbuka. Baba alinitazama, akarudi kwenye karanga zake.

Saa 11 na nusu akapiga tena. Nikamwambia niko hapo mjini, kuna foleni kidogo. Foleni! Dodoma, Jumapili jioni! Hata mimi nilijishangaa ulimi ulipolitoa hilo neno. Akasema haya baba, polepole usije ukapata ajali. Dua ya mtu unayemdanganya ina ladha mbaya sana.

Wakati huo huo mama watoto alikuwa anaisubiri runinga. Nilishamwahidi ikifika saa 12 naachia rimoti. Saa 12 ilipofika ndipo wasimamizi wa Spa wakafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kanuni zilitoa muda wa saa tatu tangu muda wa kuanza. Zikiisha, mashindano yameisha hata kama hakuna aliyekimbia. Ikiwa imebaki saa moja, wakaisimamisha saa yenyewe. Kwa hiyo mvua inanyesha, watu wamesimama, na muda nao umesimama.

“Dakika tano tu,” nikamwambia.

Akapita kwenda jikoni. Akarudi. “Bado?”

“Wanakaribia. Dakika tano.”

“Hizo dakika tano zako,” akasema, “tukizipanga zinafika Singida.”

Nilikasirika, na nilikuwa tayari kumweleza kwamba si mimi, ni hao wa Ubelgiji, hawaeleweki, kila saa tutawajulisha, tutawajulisha, kama hawawezi kukimbia si waseme watu warudi makwao? Nikaanza kabisa kuyasema hayo. Nikafika kwenye “si waseme”, nikasikia sauti yangu, nikanyamaza. Simu ilikuwa juu ya meza imegeuzwa kifudifudi. Ilikuwa imeita mara mbili bila mimi kupokea.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama hapo hapo nikachukua ufunguo. Sikusimama. Nilijiambia nimeshangoja saa mbili na zaidi, nikiondoka sasa ndipo wataanza. Hiyo ndiyo ladha mbaya ya kungoja kusiko na mwisho: kadiri unavyozidi kupoteza, ndivyo unavyozidi kuona huwezi kuondoka. Wale wa kwenye vilima nadhani walikuwa wanajiambia hivyo hivyo.

Saa 1:17 usiku, kwetu giza limeshaingia, magari yakatoka. Nikamwita baba kwa nguvu kana kwamba yuko Kondoa. Yakatoka nyuma ya gari la usalama, yakaenda nyuma ya gari la usalama, hakuna aliyeruhusiwa kumpita mwenzake, na kwenye mzunguko wa tatu bendera nyekundu ikarudi. Haikuondoka tena. Matokeo yakahesabiwa kwa mzunguko mmoja: dakika 3 na sekunde 27, mashindano mafupi kuliko yote katika historia ya Formula 1. Yaliyoshika rekodi hiyo kabla yake, ya Adelaide, Australia, mwaka 1991, mvua nayo iliyakata, lakini angalau walizunguka mara 14.

Verstappen akapewa ushindi kwa sababu ndiye aliyeanza mbele. Russell akawa wa pili na gari la Williams, Hamilton wa tatu. Wakapewa nusu ya pointi: 12.5, 9, 7.5. Kwa Russell sina neno, nafasi ya mbele aliipigania Jumamosi kwenye mvua, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda jukwaani. Lakini shampeni ile walivyokuwa wanarushiana, baba alitazama akauliza, kwa nia njema kabisa, “Sasa hawa wameshindana na nani?”

Hamilton mwenyewe alisema mashabiki warudishiwe pesa zao. Na wengi waliamini ile mizunguko ya jioni ilifanyika ili pointi zigawiwe tu, maana kanuni ya wakati ule ilitaka mizunguko michache tu bila kusema iwe ya mbio kweli. Wasimamizi walikataa tafsiri hiyo. Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa: bila mizunguko miwili ya kushindana, pasipo gari la usalama, hakuna pointi. Mtu akibadilisha kufuli baada ya watu kusema mlango ulikuwa wazi, mimi najua la kufikiri.

Nilifika Mpunguzi saa 3 kasoro usiku.

Yule mama alikuwa amekaa juu ya kreti moja pembeni ya lami, khanga kichwani kwa ajili ya upepo. Makreti mengine ameyapanga nyuma yake, ameyafunika kwa majani na gunia. Vijana waliomsaidia kuyatoa shambani kwa toroli walishaondoka, wanaogopa giza. Taa za gari langu zilipomwangaza alinyanyua mkono kukinga macho, hakusimama.

Nikashuka na maelezo yangu tayari. Foleni, tairi, sijui nini. Hakuniuliza. Alinyanyua kreti upande mmoja, akasubiri ninyanyue upande wa pili. Tukapakia hivyo, wawili, simu yangu nimeing'ata mdomoni kama tochi. Zabibu zilizochumwa asubuhi zikashinda kwenye joto la mchana, usiku ukizishika unahisi: chembe zimelegea kwenye kikonyo, ukitikisa kreti unazisikia zinadondoka chini moja moja. Nilizisikia kila tulipoweka kreti.

Tulipomaliza ndipo akasema, na wala hakupandisha sauti.

“Saa 12 ilipita gari, fuso tupu inatoka Iringa. Dereva akasimama mwenyewe, akasema mama nikupeleke. Nikamwambia hapana baba, mwanangu yuko njiani.”

Sikuwa na la kujibu.

“Ungeniambia huji, nisingekasirika. Ningepanda fuso.”

Njia nzima hakusema tena. Mjini alinilipa pesa yote, noti kwa noti. Nikamrudishia nusu, akanirudishia mkononi, akasema kazi umefanya. Msimu uliofuata nilimpigia kumuuliza kama ana mzigo. Akanijibu vizuri tu, akanisalimia na watoto, akasema ameshapata mtu. Ndiyo ikawa mwisho.

Nimeyawaza sana haya mambo mawili pamoja, mpaka mama watoto huniambia niache. Mtu akiniuliza leo kama wale wa Spa walikosea kutokimbia, nasema hawakukosea hata kidogo. Jumamosi yake tu dereva Norris aligonga vibaya pale kwenye kona ya Eau Rouge wakati mwenzake Vettel ameshasema kwenye redio wasimamishe. Miaka miwili nyuma, tarehe 31 Agosti 2019, kijana Anthoine Hubert alifariki kwenye barabara hiyo hiyo, sehemu hiyo hiyo, katika mbio za Formula 2, daraja la chini yake, na siku hiyo hata mvua haikuwepo. Ukiwa na kumbukumbu hiyo, huwezi kuwarusha watu ishirini ndani ya weupe ule. Kilichowaudhi watu si kuambiwa hapana. Ni kwamba hapana ilikuwa inajulikana mapema, ikavalishwa nguo za “bado kidogo”, ikatembezwa mpaka usiku. Na wa kwenye kilima kuna fuso aliiachia. Treni ya mwisho, chakula cha jioni na watoto, sijui, ila kila mmoja aliiachia ya kwake.

Januari 2024 zamu ikawa yangu kweli kweli.

Kirikuu nilishakiuza, nikawa na Hiace ya abiria wa kukodi. Mvua za msimu ule wa El Niño kila mtu anazikumbuka. Mwezi uliotangulia, tarehe 3 Desemba, tope lilikuwa limeshuka kutoka mlima Hanang likafunika watu Katesh, na bado sote tulikuwa tunaiogopa sauti ya maji. Kwaya moja ilinikodi kwenda kuimba kijiji cha ndani upande wa Chamwino. Watu kumi na wanne, kinanda kimefungwa ndani ya turubai, spika mbili juu ya paja la kijana mmoja. Asubuhi yote wanaimba. Tukafika kwenye korongo.

Wenyeji wa huku mnayajua makorongo yetu. Miezi minane ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Mvua inyeshe huko milimani ambako wewe hukuiona, kisha yanakuja maji ghafla yamebeba magogo. Pale hapakuwa na daraja, ni kivuko cha zege tu, na zege lenyewe halikuonekana. Baba alikuwa na kipimo chake cha maji ya namna hiyo, alinifundisha nikiwa mdogo: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa na ukasikia mawe yanagongana huko chini, hakuna cha kusubiri, tandika ulale. Aliwahi kulala usiku mbili ng'ambo ya Chipogoro na lori la mahindi kwa kipimo hicho.

Mwalimu wa kwaya akashuka akasimama pembeni yangu.

“Dereva, unaonaje? Tusubiri kidogo yapungue?”

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Tusubiri kidogo, mwalimu. Ni maneno matamu, hayamuudhi mtu, na yanakupa muda wa kutokuwa mbaya. Wingu la huko juu lilikuwa bado jeusi.

“Hapana mwalimu,” nikasema. “Leo hatuvuki. Kama kuna wa kumpigia simu, mpigie sasa hivi, wasiwasubiri.”

Walinikasirikia mno. Dada mmoja wa sauti ya pili alisema heri wangekodi dereva mwanamume. Mwalimu alikwenda pembeni kutafuta mtandao akapiga simu kwa wenyeji, nikamsikia anaomba radhi. Nikawaambia nusu ya nauli narudisha. Nikaanza kugeuza gari, kazi ngumu kwenye njia nyembamba yenye utelezi, na nilipokuwa katikati ya kugeuza ikaja Land Cruiser nyuma yetu, ikatupita pembeni, ikaingia majini.

Wote tukatazama. Maji yakapanda mpaka milangoni. Ikayumba mara moja. Kisha ikapanda ng'ambo, ikatikisa maji kama mbwa, ikapiga honi mbili, ikaondoka.

Kwenye Hiace kukawa kimya. Wanakwaya kumi na wanne wakikaa kimya kwenye gari moja, ni kimya kizito kweli. Tulikuwa tumeikaribia lami ndipo mmoja wa nyuma akaanza kuimba polepole, wenzake hawakumpokea.

Jioni nilimsimulia baba yote. Alisikiliza, sahani ya karanga magotini.

“Maji yalikuwa rangi gani?”

“Ya chai ya maziwa.”

“Na mawe, uliyasikia?”

Nikafikiri. “Hapana. Sikuyasikia.”

Akamenya karanga moja, akaipuliza ganda, akatafuna.

“Basi huenda ungevuka,” akasema. Akanisogezea sahani.